Mrudishieni mzee rika lake

Mwishoni mwa Juni 2025, tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuangalia mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake. Ilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Huku kwetu habari hiyo ilipokelewa kama habari ya nchi za watu. Maoni niliyoyasikia vijiweni na kuyasoma kwenye makundi ya WhatsApp yalikuwa ya namna moja: huo ni ugonjwa wa Wazungu wanaowapeleka wazazi wao kwenye nyumba za kulelea wazee, sisi tuna ukoo, tuna majirani, tuna misiba na harusi zinazotukutanisha kila mwisho wa wiki. Takwimu inayotugusa haikutajwa. Katika ripoti hiyo hiyo, waliosema wanajihisi wapweke katika nchi za kipato cha chini ni takriban asilimia 24, ilhali katika nchi tajiri ni takriban asilimia 11. Tanzania imo kwenye daraja la chini la kipato cha kati tangu 2020, lakini Burundi, Uganda, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Malawi na Msumbiji zote ziko katika kundi hilo la kwanza, na maisha ya vijiji vyetu hayako mbali na ya kwao.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mzee wetu anayeshinda ndani siku nzima mara nyingi hajakosa ndugu. Amekosa rika lake, na amekosa sababu ya kuvuka kizingiti. Vitu hivyo viwili haviwezi kuletwa na mtoto wake, wala mjukuu, wala mhudumu wa zahanati, wala fedha za kila mwezi. Vinaletwa na mzee mwenzake mwenye nguvu zaidi kidogo, anayepita mlangoni siku inayojulikana na kusema: vaa viatu twende. Kazi hiyo ya wazee kujitolea kwa wazee wenzao inastahili kuingia kwenye mipango na bajeti za halmashauri, ikiwa na mratibu, mafunzo na nauli. Tumeiachia huruma ya mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu mno.

Sensa ya 2022 ilihesabu karibu wazee milioni 3.5 Tanzania, yaani watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wasiojiweza, na ndiyo iliyotuzalishia madirisha ya wazee hospitalini na mabaraza ya wazee kuanzia vijijini na mitaani hadi taifa. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi analipwa pensheni jamii, awali ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi. Haya yote ni mema, na sisemi yapunguzwe. Lakini yatazameni kwa pamoja. Yote yanamtazama mzee kama mtu wa kupokea: dawa, fedha, nafasi ya mbele kwenye foleni. Hakuna hata moja linalouliza kama mzee huyo wiki hii alitoka nje ya geti, na alitoka na nani.

Kwa mjini, upweke huu una historia yake, na historia hiyo imejaa mapenzi. Mama ameishi Bukoba au Moshi au Mbinga miaka sabini. Baba akishafariki, watoto wanakaa kikao na kuamua mama asikae peke yake kule kijijini, aje Dar es Salaam. Analetwa Goba, Chanika au Kibaha, kwenye nyumba nzuri yenye ukuta na geti. Anapewa chumba chake, godoro jipya, televisheni. Saa kumi na moja alfajiri mwanawe na mkwe wametoka kukwepa foleni ya magari. Saa kumi na mbili wajukuu wamepanda basi la shule. Anabaki na dada wa kazi ambaye hawana cha kuzungumza, na pengine hata lugha anayoiota mama usiku dada haielewi. Kule kijijini mama huyu alikuwa na mgomba wa kuutazama, kuku wa kuwafungia, jumuiya ya Alhamisi, na wanawake watatu au wanne waliomjua tangu alipoolewa. Alitembea kila siku bila kuiita mazoezi. Mjini anaambiwa, “Mama pumzika, umefanya kazi vya kutosha.” Mwaka unapoisha, magoti yamekaza, na safari ya kutoka chumbani kwenda sebuleni inataka mtu wa kumshika mkono. Watoto wanasema ni uzee. Sehemu kubwa ya hali hiyo imetokana na kukaa.

Kijijini mambo hugeuka kwa njia nyingine. Ni kweli mzee wa kijijini hulima hadi uzeeni, na wanaosema wazee wetu hawana haja ya kuhimizwa kutembea wana ushahidi wa macho. Lakini tazama kinachotokea baada ya kuanguka mara moja, au baada ya mtoto wa jicho kufunga dunia, au goti kuvimba msimu mzima wa mvua. Mzee anaacha shamba kwa wiki tatu, kisha kwa msimu, kisha moja kwa moja. Misuli ya mtu mwenye miaka sabini na mitano hupungua upesi sana anapolala, na kuirudisha kunataka juhudi ambayo peke yake haiwezi. Miongozo ya WHO ya mwaka 2020 inataka watu wenye miaka 65 na zaidi watembee au wafanye shughuli ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na angalau siku tatu wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili ili wasianguke. Mazoezi yenyewe hayahitaji ukumbi: kuinuka kwenye kiti bila kujishika na kukaa tena, kunyanyua visigino ukiwa umeegemea ukuta, kutembea hadi dukani na kurudi. Mzee aliyeanguka anaogopa hayo yote. Anayeweza kumtoa hofu hiyo ni mtu aliyewahi kuanguka naye akainuka. Kijana wa miaka ishirini na mbili hana namna ya kumwambia “najua inavyouma” akaaminika.

Wapo watakaosema kwamba kuna kutembelewa kwingi tayari. Jumuiya ndogo ndogo za kanisani zinapita kwa wagonjwa. Akina mama wa maulidi na dua wanapita. Majirani wanaleta uji. Huo ndio msingi ambao kazi hii ingejengwa juu yake, na bila huo isingewezekana. Lakini mgeni anayekuja kumwombea mzee humkuta kitandani na kumwacha kitandani. Anakaa nusu saa, anamfariji, anaaga. Mzee wa kujitolea ninayemzungumzia anakuja kumtoa. Mara ya kwanza wanafika barazani tu, wanakaa juani. Wiki ya pili wanafika kwa jirani. Mwezi ukiisha wanakwenda kliniki ya presha pamoja, wanapanda daladala moja, na foleni inageuka kuwa mahali pa mazungumzo.

Kisha upo msiba. Kwetu, mtu huhesabiwa yumo katika jamii kwa misiba anayohudhuria. Mzee asiyeweza tena kwenda msibani anaona aibu ambayo watoto wake hawaijui: anaamini deni linazidi kukua, na kwamba siku yake ikifika watu hawatakuja. Nimewasikia wazee wakilisema hili waziwazi kuliko wanavyosema habari za kisukari chao. Kwa hiyo, kama mzee wa kujitolea angeweza kufanya jambo moja tu kwa mwezi, ningependa liwe kumsindikiza mwenzake kwenye msiba wa mtaani, wakakae chini ya turubai na wazee wengine hadi saa ya kuzika. Hapo kuna matembezi ndani yake, kuna kuonekana, kuna kuulizwa habari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo asingeliandika kwenye karatasi yake, lakini ndilo litakalomfanya mzee avumilie maumivu ya goti kesho yake.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya haya ni ile inayosikika kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba kuwatunza wazee ni kazi ya familia, na kuleta watu wa nje ni kukiri kwamba tumewatelekeza. Kwanza, inachanganya mambo mawili. Familia inalisha, inaosha, inanunua dawa, inazika. Hakuna anayependekeza kazi hiyo ihamishwe. Lakini hakuna wakati wowote katika historia yetu ambapo familia ndiyo ilikuwa kampani ya mzee. Wanaume walikuwa na baraza, bao na kahawa. Wanawake walikuwa na kisima, ngoma, unyago, kusuka ukili pamoja. Mtu alizeeka katikati ya rika lake. Jamii za Wamasai na Wakuria ziliupangilia mfumo huo kwa marika yenye majina, na pwani ukajipanga wenyewe mbele ya nyumba. Anayesema mtoto peke yake anamtosha mzee ameisahau mila anayodai kuitetea.

Pili, hoja hiyo inafunika ukweli mchungu kuhusu ujirani wetu wenyewe. Kanda ya Ziwa, vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kilifi, nchini Kenya, kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa maisha kwa tuhuma hizo hizo, mara nyingi zikitoka kwa watu wa ukoo wao, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Mzee anayeonekana kila siku akipita na wenzake ni vigumu kumgeuza kitisho. Aliyefungwa ndani peke yake ni rahisi kuzushiwa lolote. Sidai kwamba matembezi yatakomesha mauaji. Hiyo ni kazi ya polisi, mahakama na viongozi wa dini. Nasema kwamba kutengwa ndiko kunakotangulia, na tunaweza kukuona mapema.

Tukubali pia linaloonekana kwenda kinyume na hoja yangu. Ripoti ya WHO inaonyesha wanaojihisi wapweke zaidi duniani ni vijana, si wazee. Ni kweli, na vijana wanastahili makala yao. Lakini ripoti hiyo hiyo inatenganisha hisia ya upweke na hali ya kukosa watu, na katika hili la pili inakadiria kwamba hadi mzee 1 kati ya 3 ametengwa. Mzee aliyezoea kutolalamika anaweza kusema hajambo huku hajaongea na mtu wa umri wake tangu Pasaka.

Je, kuna mahali wazee kwa wazee imefanya kazi? Mfano unaonivutia zaidi ni wa Vietnam, nchi iliyoijenga huduma hii vijijini ilipokuwa bado maskini. Kuanzia mwaka 2006, kwa msaada wa HelpAge, shirika la kimataifa linalowatetea wazee, zilianzishwa klabu za kusaidiana zenye wanachama takriban 50 hadi 70, wengi wao wazee, wengi wanawake, wengi watu wa hali ya chini. Klabu inakutana kila mwezi, ina mfuko wa kukopeshana, inafanya mazoezi pamoja, na ina wanachama wa kujitolea wanaokwenda nyumbani kwa wazee wasiojiweza, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Mwaka 2016 serikali iliidhinisha mpango wa kuzieneza nchi nzima. Mtu wa Tanzania akizisikia anaona kikoba chenye kazi ya ziada, na ndiyo maana naamini zinaweza kuota hapa. Huko El Paso, Texas, watafiti waliwagawa wazee wa mazoezi katika makundi mawili, moja likisimamiwa na wanafunzi wa chuo waliosomea fani hiyo na jingine na wazee wenzao waliofundishwa; waliosimamiwa na wenzao walinufaika zaidi, hasa katika namna walivyojiona kiafya na katika maisha ya kijamii. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwaweka bibi wa mtaani kwenye mabenchi nje ya zahanati wawasikilize wenye msongo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lenye washiriki 573 lilionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika hadi Zanzibar. Pale Harare mabibi walihudumia watu wa rika zote, na hilo lanitosha kujibu wanaouliza kama mzee anaweza kufundishika.

Hoja nzito iko kwingine. Wengi wanaofanya kazi na wazee wananiambia: usizungumzie matembezi kabla ya pensheni. Mzee mwenye njaa hatembei, naye anayelea wajukuu yatima hana muda wa kutembelea mtu. Wako sahihi, na Tanzania Bara bado haijalipa pensheni jamii kwa wazee wote. Lakini fedha na kampani havigombei nafasi moja. Tazama mfano wa Kwa Wazee, shirika lililoanza mwaka 2003 huko Nshamba, Muleba, likiwalipa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu: wapokeaji waliunda vikundi vya kusaidiana, kwa sababu fedha iliwapa mahali na siku ya kukutana. Hapa pana onyo pia. Kadiri malipo ya ruzuku yanavyohamia kwenye simu, jambo linalopunguza wizi na safari ndefu, ile siku ya wazee kukutana inapotea kimyakimya. Tukihamisha fedha bila kuacha siku ya kukutana, tutakuwa tumempa mzee shilingi na kumwondolea wenzake.

Serikali yenyewe huenda ikajibu kwamba kazi hii wameshapewa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Ni mpango mzuri, na wahudumu hao wanaweza kuwa macho ya huduma ninayoipendekeza: wao ndio watakaojua nyumba gani ina mzee asiyetoka. Lakini watu wawili wenye jukumu la wajawazito, watoto wachanga, kifua kikuu, malaria na lishe hawataweza kukaa na bibi saa nzima kila Jumanne. Na hata wakiweza, watabaki watoto machoni pake.

Linalonisumbua zaidi ni la haki. Neno kujitolea, katika nchi hii, mara nyingi huishia mabegani mwa wanawake. Bibi mwenye miaka 63 analea wajukuu wanne, anauza mihogo, ni mweka hazina wa kikoba, halafu anaombwa amtembelee jirani bure. Huko Baltimore, Marekani, mpango wa Experience Corps uliwapeleka watu wa miaka 60 na zaidi kusaidia shule za msingi saa 15 kwa wiki, na ukawalipa posho ndogo ya kufidia gharama. Utafiti ulionyesha waliojitolea wenyewe waliongeza kutembea, hasa waliokuwa wakitembea kidogo. Faida hiyo ya pande mbili ni kweli na ni nzuri, lakini isitumike kama kisingizio cha kumnyima mtu nauli. Anayejitolea apewe nauli, vocha, na bima ya afya kama sehemu ya shukrani. Wanaume wastaafu pia waitwe kwa majina. Utumishi wa umma unawastaafisha watu kwa lazima wakiwa na miaka 60, na kila mwaka walimu, wauguzi na maofisa ugani wenye afya njema wanarudi mitaani wakiwa wanajua kuandika ripoti na kuongea na watu. Wengi wao miezi sita baadaye wameanza kukaa ndani nao.

Usalama nao una jibu lisilo gumu sana. Mzee aliye peke yake ni rahisi kuibiwa au kurubuniwa asaini karatasi ya kiwanja. Kwa hiyo wanaojitolea wapendekezwe na baraza la wazee la mtaa, wajulikane kwa mtendaji na kwa familia, watembee wawili wawili katika mwezi wa kwanza, na wasiguse fedha wala nyaraka za mzee kwa hali yoyote. Wafundishwe dalili za kiharusi, namna ya kumwinua aliyeanguka, na lini waache kutembea na kwenda zahanati.

Nani abebe mzigo huu? Mabaraza ya wazee yapo karibu kila kata, lakini kazi yake kubwa imekuwa kualikwa kwenye hafla za viongozi na kuadhimisha Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1. Yapewe kazi yenye uzito: kutunza orodha ya wazee wasiotoka, kuwapanga wanaojitolea, na kukutana kila mwezi na ofisa ustawi wa jamii. Fedha nazo zina mahali pa kuanzia. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee kama kundi hawamo. Sipendekezi wanyang'anywe walio humo, na mikopo si jibu la nauli ya mtu anayejitolea. Lakini halmashauri iliyoweza kutenga kwa makundi matatu inaweza kuweka kifungu kidogo cha kudumu kwa kundi la nne, na halmashauri zenye mapato makubwa, za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, zianze na kata tatu tatu, zipime baada ya mwaka ni wazee wangapi wanaoinuka kwenye kiti bila kushikwa na wangapi wanaotoka nje mara mbili kwa wiki. Madiwani wanaojadili makisio ya bajeti hawahitaji kusubiri sheria mpya wala mfadhili kulifanya hilo. Wanahitaji mtu wa kuliuliza kwenye kikao cha kata, na wazee wenyewe ndio wenye haki ya kuliuliza kwanza.